Mkaaji wa Chumba cha Seva

Fundi aliingiza amri ya kuiunganisha seva kongwe na paneli, akasubiri. Hospitali ilikuwa imeamua mitambo yote ya maabara isimamiwe kutoka paneli hiyo, ukurasa mmoja wa mtandaoni, na seva hii ya mfumo wa Linux, iliyobeba majibu ya wagonjwa, ndiyo iliyokuwa imebaki. Alama ya kijani ikawaka kwenye ukurasa. Imeshika. Hapo ndipo alipoona waya wa mtandao wa seva ile umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

Chini ya alama, paneli ilionyesha kuwa mtumiaji mmoja yumo ndani. Akaunti ilikuwa ya mumewe.

Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa chumba hicho kabla yake. Umeme ulimpiga humo humo, akiwa amechutama nyuma ya mashine, na mkewe akarithi funguo zake na kiti chake. Akaunti ya marehemu ilikuwa na picha za binti yao na sauti ya baba huyo alipokuwa akijirekodi akiimba vibaya kwa makusudi ili mtoto acheke. Kila mkewe alipotaka kuifuta, mkono ulikuwa mzito.

Alifungua dirisha la amri ili amtoe huyo aliyeingia. Kabla hajagusa kitufe, herufi zikajiandika.

"Mke wangu, umekula?"

Ndivyo mumewe alivyokuwa akimuuliza kila mchana. Angeweza kukimbia. Alikaa, akajibu kwamba bado.

Tangu siku hiyo akawa wa kwanza kufika kazini, na mlango akiufunga kwa ndani ili waandikiane. Wenzake walimtania kwamba ameolewa na mashine, naye akacheka kuliko wao. Alikonda. Chumba kilianza kunuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi ile, na feni za seva zikawa zinavuma na kutulia, zinavuma na kutulia, sawasawa na pumzi za fundi. Yule wa ndani aliomba aongezewe mamlaka juu ya mashine. Akampa yote.

Kisha yule wa ndani akaandika: "Mlete binti yetu. Aweke mkono wake hapa nyuma, pale nilipoweka wangu."

Fundi alitaka kuandika hapana lakini vidole havikumtii, na huku feni zikienda mbio kama pumzi za mtu aliyekimbizwa, harufu ile ya udongo ikamjaa kinywani hata akaionja, na maneno yale yakaendelea kujirudia mstari kwa mstari, mlete, mlete, mlete, mpaka akainuka na kuukimbilia mlango bila hata kuchukua viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza.

Alimweleza mama mkwe wake kila kitu, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. Mama mkwe hakumlaumu. Alivaa mtandio wake, akaenda kumwita mtabibu wa pepo, mwanamke waliyefahamiana tangu usichana wao, na wote watatu wakaingia chumba cha seva mchana ule ule.

Mtabibu alisimama nyuma ya seva muda mrefu, ameinamisha kichwa.

"Mumeo amelala alikolazwa," alisema polepole. "Huyu ni mkaaji wa chumba hiki. Alimtazama mumeo akifa, akajifunza maneno yake. Mimi nitasoma dua, lakini mlango uliufungua wewe. Uufunge wewe."

Paneli haikuwa ikimtii tena. Fundi alichomeka kibodi kwenye seva yenyewe, akaandika amri ya kuifuta akaunti na vyote vilivyomo, picha pamoja na nyimbo. Mtabibu akaanza kusoma. Ndani ya mvumo wa feni ikatoka sauti ya mumewe, dhaifu, iliyokatika kwa kilio.

"Mke wangu, huku kuna giza. Usiniache."

Fundi alilia naye. Akabonyeza.

Feni zilisimama. Alipoiwasha mashine upya, akachomeka waya na kuiunganisha tena, alama ya kijani ilirudi, na ndani hamkuwa na mtu. Chumba kilinuka vumbi tu.

Mtabibu alishika njia yake. Wao wawili wakatembea kurudi nyumbani, mama mkwe amemshika mkono mpaka walipokaribia mlangoni.

"Najua hakuwa yeye," mama mkwe alisema, akitazama chini. "Lakini siku zote hizo mlizokuwa mkiongea, mwanangu, hakuniulizia mimi?"

Fundi alikumbuka kila mstari. Yule wa ndani hakumuulizia hata mara moja.

"Alikuulizia, mama. Kila siku."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatangulia kuingia ndani.