Folda ya Arobaini na Moja

Stesheneri ya Maimuna, Mtaa wa Sikukuu, ilianza kunuka udi saa sita mchana, na hakuna aliyechoma.

Asubuhi ile Bi Zamda, fundi wa ngoma za majini kutoka Buguruni, alimletea daftari lililoliwa na mchwa. Majina arobaini. Alitaka kila jini atunziwe dawa zake na nyimbo zake kwenye kompyuta.

"Mmoja kwa siku, mwanangu. Ufukize kwanza, ndiyo umfungulie folda yake. Hawa hawaitwi kwa mkupuo."

"Sawa, bibi," Maimuna akaitikia, moyoni anacheka. Siku arobaini, na tumbo lenyewe la miezi minane! Anayo skripti yake, ile ya mafaili ya wanafunzi: unaipa orodha, inasoma jina moja moja, kila jina inalifungulia folda, na ndani inaweka faili tupu. Akachapa majina, akabonyeza. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha.

Ndipo stoo, mlimokuwa na makaratasi tu, bila hata kiti kimoja, viti vikaanza kuburutwa. Kimoja. Kingine. Kama wageni wanaoketi.

Akahesabu folda. Arobaini na moja. Ya mwisho iliitwa Sitara.

Jina hilo hakumtajia mtu, hata mumewe. Mtoto hapewi jina kabla ya siku ya saba. Alikuwa akilinong'ona peke yake tu, akiosha vyombo, mkono tumboni. Akaifuta folda. Ikarudi. Akaifuta tena, na harufu ya udi ikazidi, na viti vikazidi kuburutwa kule ndani, na kila alipofuta ikarudi palepale, chini ya wenzake, mpaka akaiacha, akampigia simu Bi Zamda.

Bi Zamda alipofika, hakugomba. "Umewaita wote, umewapa vyumba, hukuwapa hata moshi. Wamejichukulia."

"Watoe, bibi."

"Kumtoa ni kumwita na kumuaga, kwa orodha ilivyo, mpaka wa mwisho. Akibaki mmoja, wote wanarudi."

"Na wa mwisho…"

"Nimemwona, mwanangu."

Bi Zamda akafukiza, akaanza kuwaaga. Kila jina, kiti kikasogea, folda ikatoweka. Thelathini na tisa. Arobaini. Akavuta pumzi, akafungua midomo amtaje Sitara.

Maimuna akamziba kwa kiganja.

"Huyu muache," alinong'ona. "Nakuomba."

Viti vikaanza kurudi, kimoja kimoja. Na tumboni mtoto akasogea pembeni, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake akae.