Kiu ya Mbeba Maji

Wanaoisimulia habari hii kule Ndosho, mtaa wa Goma, huanzia kwenye maji, kwa sababu maji ndiyo yaliyotangulia kupotea.

Élodie alijaza bakuli la kuoshea brashi, akaliweka mezani, akageuka kuchukua kitambaa. Aliporudisha macho, bakuli lilikuwa kavu. Meza haikuwa imelowa. Alilipindua, akapapasa chini yake, akajiambia labda hakulijaza. Ndosho maji hununuliwa kwa bidoni, madumu ya plastiki, na mtu aliyechoka husahau aliyamimina wapi. Akajaza tena, akachovya brashi mara mbili, na mara ya tatu brashi ikakwaruza bakuli tupu.

Hakumwambia mume wake. Adalbert alikuwa na mambo mengi juma lile, na nusu ya vijana wa Goma walikuwa wanamwangalia yeye.

Adalbert ndiye aliyejulikana kuwa mchoraji wa Mbeba Maji, manga, hadithi ya katuni, ya msichana mwenye mtungi mgongoni anayepita katikati ya moto wa volkano na moto wa bunduki kuwapelekea maji watu wanaokimbia vita. Sura zake za kwanza zilitembea mjini kwa fotokopi, kutoka vibanda vya Birere mpaka vyuoni, mpaka chini ya mahema ya wakimbizi. Sasa kilikuwa kinakuja kitabu chenyewe cha michoro: jalada gumu, rangi kila ukurasa, na picha ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Carlos, mwenye matbaa ya Birere, alikuwa ametangaza kwamba kitachapishwa mara moja tu, kisha basi. Mashabiki walishikwa na homa. Wasichana walishona vitambaa vya kichwa vya samawati kama cha Mbeba Maji. Siku mabomu yaliposikika upande wa Sake, kijana mmoja aliandika kwenye grupu yao: njia zikifungwa zifungwe, ila kitabu kitoke kwanza.

Kazi ya Élodie ilikuwa rangi. Na kulikuwa na kazi nyingine ndogo aliyopewa na mumewe. Pembeni mwa kila mchoro wa asili palikuwa na alama, herufi G yenye mkia kama kibuyu. Adalbert alimwambia ilikuwa alama ya rafiki aliyemsaidia wino, ambaye alishakwenda zake Uganda. Akampa wembe. Élodie alizikwangua zote, akapuliza vumbi lake, hakuuliza zaidi.

Baada ya bakuli ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya klorini, ile inayopuliziwa mahema ya wagonjwa wa kipindupindu, na chini yake harufu ya mtu aliyetapika mpaka hana tena cha kutapika. Ilijaa chumba cha kazi mchana kweupe, dirisha likiwa wazi. Kisha ukaja mlio: bidoni tupu inayoburutwa juu ya mawe ya volkano, kwaruu, kwaruu, ikizunguka nyumba polepole. Élodie alitoka mbio. Jua lilikuwa linawaka, jirani alikuwa anaanika unga wa fufu, na hapakuwa na mtu mwingine.

"Umeona nani amepita hapa na bidoni?" Élodie alimuuliza.

"Hakuna mutu amepita," jirani akasema. "Lakini na mimi niliisikia."

Adalbert alianza kunywa maji. Kikombe, halafu jagi, halafu akawa anainua bidoni yenyewe mdomoni, na alipoishusha midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

"Nipe maji, Élodie."

"Umekunywa yote."

"Sijakunywa kitu. Haifikie mu koo."

Asubuhi moja mama mmoja akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa kitenge kilichofifia, na vumbi jeusi la njia ya Kanyaruchinya lilimfikia magotini. Hakubisha hodi. Alikuwa anaangalia picha kubwa ya tangazo iliyobandikwa ukutani, akanyoosha kidole akagusa kidevu cha Mbeba Maji.

"Karibu, mama," Élodie akasema. "Unatafuta nani?"

"Huyu ni mutoto wangu," mama akasema. "Généreuse. Alikuwa anajichora yeye mwenyewe, juu hatukukuwa na kioo kule."

Jina lake lilikuwa Nyiramahirwe. Alikaa kwenye kibao cha mlangoni, akasimulia bila kupandisha sauti. Vita viliposhuka kutoka Rutshuru walikimbia yeye na binti yake, wakaishia kambini Kanyaruchinya, chini ya turubai la shitingi. Généreuse alichora kila siku, magoti ndiyo meza yake. Adalbert walisoma naye Rutshuru, na alikuwa anakuja kuangalia. Kipindupindu kilipoingia kambini kikamshika Généreuse. Basi akampa Adalbert michoro yote, aende nayo Birere, auze hata kwa bei ya bure, arudi na dawa na maji safi.

"Alisema anarudi mbiombio," Nyiramahirwe akasema. "Mutoto aliangalia mulango wa hema. Hata wakati macho yake ilikuwa haione tena, aliangalia mulango. Alikuwa ananiuliza, mama, Adalbert amefika na maji?"

Élodie alihisi wembe vidoleni mwake, ingawa wembe ulikuwa kabatini.

Wakati huo Adalbert akatoka chumba cha nyuma. Akamwona mama, akasimama. Walitazamana.

"Simujui huyu mama," Adalbert akasema.

Nyiramahirwe akainuka, akakung'uta kitenge. "Sikukuya kulomba kitu," akasema. "Nilikuya kuona sura yako tu. Nilikuwa nimeanza kuisahau." Akaondoka.

Tangu hapo nyumba haikuwa tena nyumba. Maharagwe yaliungua sufuriani kabla hayajachemka kwa sababu maji yalitoweka mkononi mwa Élodie, wino ukageuka unga ndani ya chupa zilizofungwa, nguo zilizofuliwa zikakauka zingali ndani ya beseni, na ile bidoni, ambayo mwanzoni ilizunguka nje, sasa ilikuwa inaburutwa ndani, kutoka mlango wa mbele hadi kwenye kiti cha Adalbert, ikisimama hapo, na Élodie akiwa amejibanza ukutani aliona zulia likikunjamana chini ya kitu asichokiona, akaona vidole vya maji vikitoka kwenye ngozi ya mumewe, kwenye paji la uso na shingo na viganja, vikipanda hewani uzi kwa uzi kana kwamba vinafyonzwa na kinywa kisichoshiba, na Adalbert amekaa wima, macho yamemtoka, ulimi umemkauka hawezi hata kuita.

Ilipomwachia, Élodie alimpigia magoti. "Niambie ukweli. Mama ule alisema uongo?"

"Nilifika Birere," Adalbert akanong'ona. "Nilionyesha Carlos. Akasema, hii ni mali kubwa, lakini watu wanapenda mwandishi mwenye anaweza kusimama mbele yao. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake nikasikia kule wagonjwa ni wengi. Nikaogopa kurudi. Halafu nikasikia amekufa, na michoro ilikuwa mu mikono yangu."

Élodie hakungoja zaidi. Alipanda pikipiki mpaka Birere, nyuma ya soko, kwa Mwavita, mama wa Kiislamu aliyejulikana kwa kutoa majini kwa dua na ubani. Mwavita alikuwa mtu wa maneno makali na haraka. Alikuja na chetezo chake, akafika mlangoni, akanusa, akasimama hapo hapo. Makaa ya chetezo yalizimika yenyewe.

"Mimi siingie," akasema.

"Mama, tunakuomba."

"Sikiliza. Mimi ninafukuza jini yenye ilikuya yenyewe, juu ya tamaa au juu ya wivu. Hii iliitwa. Mutu aliilalamikia, ikachukua kesi yake. Yenye iliitwa inasikia tu mwenye aliiita, na mimi nafikiri mwenye aliita alishakufa na kiu." Akamtazama Adalbert aliyekaa gizani mwa chumba. "Papa, uko na njia moja. Ile siku watu watajaa kupokea kitabu, simama, sema jina la mwenye kazi. Sema na ile ulimufanyia. Na kila kitu kiende kwa mama yake. Pengine itakuachilia."

"Nitasema," Adalbert akajibu, na Élodie aliamini, kwa maana alikuwa analia na machozi hayafiki mashavuni.

Alasiri ya uzinduzi ukumbi wa Birere ulifurika. Vitambaa vya samawati vilijaa mpaka barabarani. Wanaoendesha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walisimama kushangaa. Vitabu vilikuwa vimepangwa juu ya meza, vimefungwa kwa plastiki, vinang'aa, na vijana walikuwa wanavigusa kwa ncha za vidole kama mtu anavyogusa mtoto mchanga. Élodie alimwona Carlos amemshika Adalbert bega pembeni ya jukwaa.

"Usiharibu," Carlos alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Jina la mufu haiuzishe. Sura yako iko nyuma ya kila kitabu. Sema asante, tia sinyatire yako mu vitabu, tumalize."

"Carlos, niko nakufa," Adalbert akasema.

"Uko na woga tu. Kunywa fanta."

Adalbert akapanda jukwaani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, wakaimba jina lake, Adal, Adal, wakapiga miguu sakafuni. Élodie alikuwa mbele kabisa. Aliuona uso wa mumewe ukifunguka. Tangu Adalbert akimbie vita hakuna aliyewahi kuimba jina lake. Alimtazama mkewe, kisha akawatazama mashabiki, na Élodie akajua kabla hajafungua mdomo.

"Huyu msichana," Adalbert akasema, "alizaliwa mu kichwa yangu. Mimi peke yangu."

Makofi hayakumaliza kupigwa. Harufu ya klorini iliingia ukumbini kama upepo, watu wakaziba pua. Bidoni ilisikika nje, kisha mlangoni, kisha ikapita katikati ya umati, na vijana walijitenga kushoto na kulia bila kujua wanampisha nani. Kila chupa ya maji na ya fanta mikononi mwao ikabonyea na kuwa tupu. Adalbert alishika koo. Alitaka kusema, sasa alitaka kweli kusema, midomo ilikuwa inaunda herufi ya kwanza ya jina lile, lakini hakuna sauti inayotoka koo lisilo na mate. Akaruka kutoka jukwaani, akakimbia.

Alikimbilia ziwani, chini ya mji. Mkewe na mashabiki wake walimfuata, na walioona ni wengi, hawawezi wote kuwa waongo. Alipiga magoti ukingoni akainamisha uso, na maji yakarudi nyuma, yakaacha mawe makavu mbele ya mdomo wake. Akasogea akainama tena, yakarudi tena. Akaendelea hivyo, anatambaa, anainama, Élodie akimwita kwa jina, mpaka ziwa likasimama pande zake zote kama kuta za nyumba, na yeye katikati, anaramba jiwe. Kisha likafunga.

Wavuvi walipomtoa alikuwa mwepesi kama kuni. Nguo zake zilikuwa kavu.

Kabla matanga hayajaisha, Carlos alitangaza toleo jipya, la kumbukumbu, lenye picha ya Adalbert jaladani na mstari mweusi pembeni. Bei ilipanda mara tatu, na mashabiki walipigania foleni. Élodie alikwenda matbaani na nguo za msiba.

"Weka jina la Généreuse," akamwambia. "Hata ndogo. Hata ndani."

"Bwana yako alikufa mu maji mbele ya watu wote," Carlos akasema, anahesabu majalada. "Hakuna matangazo inapita hiyo. Uende upumzike, mama."

Siku ile ile Élodie alipanda mpaka Kanyaruchinya. Alimkuta Nyiramahirwe amekaa mbele ya hema lake. Alipiga magoti kwenye mawe yale makali, akasema yote: alama, wembe, vumbi alilolipuliza. Ulimi wake ulikuwa umeanza kushikana na kaakaa tangu asubuhi, na aliyasema maneno ya mwisho kwa shida.

Nyiramahirwe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachota maji kwenye bidoni, akampa kikombe. Élodie akanywa. Yalishuka baridi mpaka tumboni, akalia.

"Weye umesema," mama akamwambia. "Basi imeisha kwako."

"Mama Mwavita alisema ni Généreuse aliita."

"Généreuse hakuita. Mutoto yangu alikuwa mupole, alikufa anamutetea Adalbert, eti amepata shida mu njia." Nyiramahirwe alielekeza kidevu kwenye mwinuko wa mawe meusi nyuma ya kambi, palipokuwa na ufa unaotoa mvuke mwembamba. "Ni mimi niliita. Pale. Niliweka kinywa yangu mu ile tundu, nikasema jina ya Adalbert."

Kutoka ndani ya ufa ulisikika mlio wa kitu kitupu kikiburutwa, mbali, chini sana, kikingoja.

"Inaweza kufukuzwa?" Élodie akauliza.

"Sijajaribu," mama akasema. "Yule mwenye anachapa, anaitwa nani?"

Élodie aliangalia kikombe mikononi mwake. Angeweza kusema hajui. Aliwaza mkono uliokuwa begani mwa mumewe, na mistari myeusi iliyochapwa vizuri pembeni mwa majalada. Akakirudisha kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, akainuka, akapanda juu ya mawe mpaka kwenye ufa. Joto lilimpiga usoni. Akainama, akaweka mdomo wake pale, akalisema jina la Carlos polepole, na la matbaa, na la mtaa, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba ya jirani.