Vidonda Vidogo vya Mama Virginie

Kabla ya kwenda shule, Glodie alikuwa amekwisha kuchota maji, kuosha sahani na kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani. Mgongo ulimuuma. Mama yake, Mama Virginie, alikuwa amekatazwa kazi, maana alikuwa amepasuliwa mguu hapo Kalemie.

Kwa miaka mingi mfupa wa kando ya kidole gumba cha mguu ulikuwa umetokeza, akawa mtu wa kuchechemea. Dokta Ruben aliunyoosha kwa kupitia vitundu vidogo tu, bila kuuchana mguu. Alimpa kiatu kigumu na kumwonya asitembee bila kiatu hicho mpaka mfupa uunge.

Udogo wa vidonda ndio ulioleta taabu. Wanawake wa ufukweni walikuwa na desturi yao: mgonjwa huwaonyesha wenzake kidonda, nao humpa pole na kumfanyia zamu yake ya kuanika. Mama Angélique aliutazama mguu, akaguna, akauliza kama ule ulikuwa upasuaji au mbu tu. Wengine wakacheka. Mama Virginie aliona haya mno. Kesho yake alikivua kiatu, akashinda pekupeku akigeuza ndagala.

Mguu ukavimba. Hata hivyo alimwagiza binti yake amwambie dokta kwamba mama hakutoka nyumbani.

Glodie alikuwa amechoka. Alichoka na kazi, na zaidi alichoka kumsikia mama akiugua kila akijigeuza. Aliogopa mama asije akabaki kilema. Kwa hiyo walipofika hospitalini na dokta kuuliza, Glodie alisema, "Dokta, mama alitembea bila kiatu. Wamama walimucheka."

Mama Virginie aliinamisha kichwa. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeanza kuhama. Dokta aliurudisha na kuufunga upya, akasema kama wangechelewa kidogo, ingebidi kupasua tena.

Waliporudi, Mama Virginie alikwenda moja kwa moja kwa wenzake. "Kidonda ni kadogo, lakini mufupa ulikatwa," alisema. "Munifanyie zamu yangu." Mama Angélique akachukua beseni.

Nyumbani, mama alimketisha binti yake. "Mutoto wangu, nilitaka watu wasinicheke, nikasahau kupona. Nikakufundisha na uongo. Mbele ya dokta, sema kweli siku zote, hata kama ni mama amekukataza."

Glodie aliitika, akajinyoosha mkekani. Mchana ule hakuna aliyemwamsha.