Nani Amefuta Ubao?

Kamera ilikuwepo. Mkoba wake ulikuwepo, nyaya zilikuwepo, hata kile kitambaa kidogo cha kupangusia lenzi kilikuwepo. Kilichoibwa ni kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mlikuwa na masomo ya walimu ishirini na wawili, yaliyorekodiwa madarasani mwao kwa siku nne.

Siku ya tano, yaani leo, ndipo walipotakiwa kuketi pamoja, wajitazame wanavyofundisha na kukosoana. Ndiyo mafunzo kazini yenyewe hayo. Sasa watazame nini, ukuta?

Inspekta alifika saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye shuleni alishika mkia katika hisabati na hakuona haya kulisema. Mkuu wa chuo alimdaka mlangoni.

"Kesi imekwisha, Afande. Mlango haukuvunjwa, na funguo anazo mtu mmoja tu, msafishaji. Barua ya kumwachisha kazi nimeshaiandika, bado sahihi."

"Basi kalamu irudishe mfukoni kwanza."

Msafishaji, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Funguo, alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, kitambaa cha kupangusia begani, macho mekundu. Alikuwa na miaka kumi na minne kazini na watoto watatu wasio na mwingine wa kuwalisha. Inspekta akaketi kando yake.

"Ulifungua saa ngapi, mama?"

"Saa moja kasoro robo. Nikaenda kuosha vyoo."

"Na mlango?"

"Niliuacha wazi. Nauacha wazi kila siku, walimu wakija waingie."

"Uliporudi?"

"Mkufunzi alikuwa anapiga yowe."

Ndani ya ukumbi, askari wa alama za vidole alikuwa ameshaupaka mkoba unga wake. "Huu umeshikwa na kila mtu ila mimi," alisema, akaanza kufungasha vifaa.

Mkufunzi, binti mwembamba mwenye sauti ya kengele, alikuwa bado anahangaika. Ghafla akaukazia macho ubao.

"Afande! Hapa palikuwa na ratiba yangu ya leo, ubao mzima! Na juu yake niliandika USIFUTE, herufi kubwa!"

Ubao ulikuwa mtupu. Inspekta akamwita Mama Funguo.

"Wewe ndiye uliyefuta?"

"Mimi? Palikuwa pameandikwa usifute, na kusoma najua. Halafu mimi hufuta kwa kitambaa chenye maji. Huu umefutwa na dasta kavu, hebu ona michirizi."

Kweli. Michirizi ya chaki ilishuka imenyooka, kutoka juu hadi chini, kama imepigwa rula. Inspekta akaangua kicheko mpaka mkanda ukalalamika.

"Jamani, mwizi gani huyu? Kaiba, roho juu, mtu yeyote anaweza kutokea, yeye anasimama kufuta ubao! Huyo ni mwalimu tu. Niitieni wote."

Wakapanga foleni, wanaguna na kutaniana. Kila mmoja aliamriwa aandike namba yake ya simu ubaoni, kisha aifute. Mmoja alifuta kwa kuzungusha dasta. Mwingine alivuta kushoto na kulia. Vijana watatu walitumia viganja, na mwalimu mmoja wa darasa la awali akatumia kiwiko, akidai ndivyo afanyavyo akiwa amebeba mtoto. Ukumbi ulikuwa na vicheko tele.

Wa kumi na saba alikuwa mzee wa hisabati, mwenye miaka thelathini na mmoja darasani. Jina lake hasa lilishasahaulika. Wote walimwita Tuko-Pamoja. Alifuta mstari mmoja ulionyooka, juu hadi chini, akasogea, akafuta wa pili.

"Nani alikufundisha hivyo, mwalimu?"

"Chuoni, mwaka wa kwanza. Juu kwenda chini, vumbi lisiruke. Tuko pamoja? Tuko pamoja." Kisha akaitazama dasta mkononi mwake, na uso ukamshuka.

"Kadi iko wapi?"

Mzee akatoa boksi la chaki mfukoni mwa koti. Kadi ilikuwa ndani, katikati ya chaki nyeupe.

"Ubao ulikufanya nini?"

"Wallahi sikumbuki kuufuta. Nikitoka darasani mkono unafuta wenyewe, mwenzangu aukute safi."

"Na kuiba je?"

"Jana mkufunzi alinionyesha hesabu yangu. Katika kipindi kimoja nimeuliza maswali arobaini na moja. Thelathini na tisa nimeyajibu mwenyewe. Nusu ya walimu hawa niliwafundisha mimi, Afande. Wananiheshimu. Leo wangenicheka."

"Na huyu mama afukuzwe kazi kwa ajili ya aibu yako?"

Mzee akamwendea Mama Funguo na kumwinamia mbele ya watu wote. "Nisamehe, dada yangu. Nimekukosea sana."

Mkuu wa chuo aliichana ile barua vipande vipande, akapiga kelele kwamba sasa aliyekosa afunguliwe mashtaka. Inspekta akamgeukia msafishaji. "Aliyeumizwa ni wewe. Nimfanye nini?"

"Aketi kiti cha mbele," alisema Mama Funguo. "Na mimi nitakaa hapo hapo kando yake. Tuitazame video yake."

Wakaitazama. Tuko-Pamoja wa kwenye video aliuliza, "Kwa nini nusu ya nusu ni robo?" na kabla mtoto hajainua mkono akajibu mwenyewe. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee alijikaza, kisha naye akacheka mpaka miwani ikamponyoka. Mama Funguo peke yake hakucheka.

"Mimi nilifundishwa hivyo hivyo," alisema. "Niliacha shule darasa la tano nikijua sina akili. Kumbe nilikuwa sijangojewa tu."

Kicheko kikakatika. Mzee akamgeukia taratibu.

"Kwa nini nusu ya nusu ni robo, dada?"

Kisha akafumba mdomo. Mama Funguo aliinamisha kichwa, akawaza. Mkuu wa chuo alikohoa, akafungua kinywa amsaidie, Inspekta akamkanyaga mguu. Mzee alikuwa anatoka jasho kwa kunyamaza.

Mama Funguo akashusha kitambaa begani. Akakikunja mara moja, akakikunja tena, kisha akakitandaza mapajani na kuigusa mikunjo kwa kidole, kipande baada ya kipande, hadi cha nne.