Kiti cha Bi Mkubwa

Jioni ile Wembe alitumwa kwenda kuwasha gari la mjomba wake, na alikwenda akisonya njia nzima.

Wembe halikuwa jina lake la kuzaliwa. Walimpachika nyumbani kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mfupi, na begi lake la safari lilikuwa limeshafungwa zipu na kusimamishwa mlangoni, maana kesho yake alfajiri angepanda basi kwenda chuo cha ukunga. Tangu darasa la sita alitaka kuzalisha watoto, na hakuwahi kutaka kitu kingine. Sasa badala ya kupiga pasi sare zake, anatumwa kwenda kupasha kopo joto.

Kopo lenyewe lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, pua ndefu, viti viwili tu. Mjomba alilipenda mpaka inatia kinyaa. Spoku za magurudumu alizisugua kwa mswaki, mtu mzima huyo, amechuchumaa, ulimi nje. Alilibatiza Bi Mkubwa, ingawa mke wa ndoa ndiye aliyetangulia kuingia nyumba ile. Mke alivumilia miaka sita. Siku aliyokusanya nguo na watoto, mjomba alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu tu. Mke akasema, "Mimi naondoka." Miguu ikajibu, "Nipe hiyo spana kwanza."

Ukoo mzima ulikuwa ukicheka kisa hicho, na hakuna aliyekisimulia vizuri kuliko Wembe.

Mchana wa siku hiyo Wembe na mama yake walikuwa wamekwenda kumtazama mjomba hospitali. Ilikuwa siku ya tisa tangu aokotwe gerejini, ameanguka kando ya gari, mlango wa dereva u wazi. Madaktari walimpima kila kitu wasione kitu. Dada yake, ndiye mama yake Wembe, alimlisha uji, naye akaumeza bila hata kumtazama. Halafu akamshika Wembe kifundo cha mkono.

"Hajawashwa siku tisa," alinong'ona.

"Nani, mjomba?"

"Bi Mkubwa. Nenda leo magharibi. Robo saa tu, injini ipate joto."

Mwone mtu huyo. Hakuuliza wanawe wako wapi. Hakuuliza safari ya chuo ni lini.

"Sikiliza… Kabla ya yote, tazama kiti cha dereva. Kikiwa nyuma, ninavyokaa mimi, ingia uwashe. Kikiwa kimesogezwa mbele… usikae. Funga mlango, urudi nyumbani."

"Nani akisogeze, na funguo zote umezilalia hapo chini ya mto?"

Mjomba aliingiza mkono chini ya mto. Alizitoa funguo, akamwekea kiganjani. Wembe akacheka kwa pua. Alikuwa amefika mlangoni mwa wodi aliposikia sauti ya mjomba nyuma yake.

"Choki ivute nusu tu."

Wakiwa njiani mama yake alimwambia, "Usimcheke sana. Na yeye alikuwa bingwa wa kuyacheka magari. Alikuwa anasomea ualimu wa hesabu. Siku moja mpimaji ardhi aliyekuwa na hilo gari akamwomba akamwashie. Darasani hakurudi tena."

"Na huyo mpimaji?"

"Alikufa jioni hiyohiyo, kidevu bado kinanuka sabuni yake ya kunyolea."

"Mama, huo ni uvivu wa kusoma. Msiutafutie kisingizio."

Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba ya mjomba, kibanda cha matofali chenye mlango wa bati na dirisha moja dogo. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mapaa. Wembe alifungua kufuli, akasukuma bati. Ndani palinuka petroli na ngozi kuukuu. Na kitu kingine… sabuni ya kunyolea, mbichi, kama mtu ametoka kupakaa povu sasa hivi.

Mjomba alikuwa na ndevu zinazogusa kifua. Wembe hakuwahi kumwona akinyoa.

Alifunua turubai, akasimama.

Tik… tik… tik…

Sauti hiyo aliijua. Ndivyo chuma cha injini kinavyolia kikipoa, gari likishazimwa baada ya kutembea. Alikuwa akiisikia kila alipotumwa kuleta chakula kwa mjomba. Lakini gari hili lilikuwa na siku tisa halijawashwa.

Akaweka kiganja juu ya boneti.

Ilikuwa ya moto.

"Paka," alisema kwa sauti kubwa. "Paka alikuwa amelala hapa." Alikuwa hodari wa kupata majibu, mtoto huyu. Chini ya turubai lililofungwa kamba pembe zote nne, yeye akapata paka.

Akafungua mlango wa dereva.

Mjomba alikuwa mrefu, na kiti chake kilikuwa nyuma kabisa, reli zake zimeshika kutu miaka na miaka. Fundi mmoja aliwahi kujaribu kukisogeza kwa nyundo, akashindwa. Sasa kilikuwa mbele. Kutu ilikuwa imekwanguka, mikwaruzo miwili mipya inang'aa sakafuni mwa gari. Na hakikuwa mbele ovyoovyo. Kilikuwa umbali wa miguu mifupi.

Umbali wa miguu yake.

Hapo mwenye akili angerudi nyumbani. Wembe mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipenda kujiambia kwamba aliogopa kidogo. Uongo. Alichokuwa nacho kifuani ni dharau tupu. Aliwaza jinsi atakavyowahadithia wenzake chuoni, kiti cha majini, mjomba mwenye mswaki, na jinsi watakavyoshika mbavu. Hadithi isingekamilika bila yeye kukaa.

Akakaa.

Kiti kilimpokea mgongo mzima. Miguu ikafika penyewe. Akachomeka ufunguo, na mkono wake ukakivuta kitufe cha kuamshia injini baridi, ile choki… nusu. Hakukumbuka kuuamuru.

Injini iliwaka kwa mguso mmoja.

Halafu ngozi ya kiti cha pembeni ikalia, taratibu, kama mtu mzito anajiweka sawa. Ikabonyea. Harufu ya sabuni ikamjia shavuni, karibu sana.

"Klachi polepole," sauti ilinong'ona. "Anaumia."

Wembe alitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka, lakini kilichotoka si kelele. Alikuwa akilia. Alikuwa akilia kwa sababu ya mngurumo ule, jinsi ulivyopanda chini, ukapita kwenye mapaja, ukatulia tumboni. Usukani mwembamba wa mbao ulimtetemekea viganjani. Aliona mishale ya saa za dashibodi ikiinuka mmoja baada ya mwingine, na akaona kwamba ni mizuri, mizuri kuliko uso wowote aliowahi kuutazama. Alipenda. Alilipenda gari lile ghafla na kabisa, na alijua saa hiyohiyo kwamba hatapona.

Kiti cha pembeni kikainuka, kikawa kitupu. Aliyekuwa amekaa hapo alikuwa amemaliza kazi.

Kulikuwa na giza mama yake alipoingia mbio, akihema, akashikilia boneti asianguke.

"Mjomba wako hatunaye, mwanangu. Saa kumi na mbili na robo. Nimepigiwa simu sasa hivi."

Wembe alimtazama kupitia kioo cha mbele.

"Mama, toa mkono hapo. Utaacha alama."

Basi la alfajiri liliondoka na abiria wengine.

Kuanzia hapo simulizi ni ile ile, haina hata haya ya kubadilika. Akahamia nyumba ya mjomba kwa sababu gereji iko huko. Akaolewa na mwanamume mpole, naye mpole akachoka, akaondoka siku ambayo kabureta ilikuwa imefunguliwa mezani na hakuna aliyenyanyua kichwa kumuaga. Mswaki ulikuwa ule ule wa mjomba, mpaka ulipokatika, akanunua mwingine. Wanaume wa magari ya zamani walikuja na kofia zao na vitambi vyao, wakamzunguka Bi Mkubwa wakiguna kama wagonjwa, wakamuuliza mapenzi haya yalianza lini. "Utotoni," alijibu. Wakatikisa vichwa kwa furaha. Mafala.

Maana dharau haikumtoka. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake hasa. Mjomba huenda alipenda akasahau alichokuwa. Wembe alipenda huku akijiona. Kila jioni, amechuchumaa na mswaki, aliona mwanamke aliyetakiwa kuwa anapokea watoto wa watu, na akamcheka kwa pua.

Ilipita miaka thelathini na moja.

Jioni moja alifungua mlango wa dereva, akakaa, na miguu yake ikaelea. Kiti kilikuwa nyuma kabisa. Pedeli zilikuwa mbali, hazifikiki. Hewani palinuka ndevu, jasho na uji wa hospitali.

Walimkuta sakafuni.

Siku ya tatu wodini alikuja binti wa mdogo wake, msichana mrefu kama mlingoti, ana nafasi ya kusomea udaktari wa meno, mdomo mkali kuliko meno yenyewe. Wembe alimpenda. Ndani yake kulikuwa bado na kipembe ambacho Bi Mkubwa hakukichukua, na msichana huyu alikaa hapo.

"Mama mkubwa, ukipona tuliuze lile kopo kwa watu wa chuma chakavu. Nitasaidia kulisukuma."

Wembe alicheka mpaka akakohoa. Aliamua asiseme neno juu ya gari. Siku tatu tu, aliwaza, meza ulimi, kufa nalo, liozee hukohuko… Lakini siku tatu! Injini baridi, petroli inaganda kwenye kabureta, Bi Mkubwa peke yake gizani, chini ya turubai. Machozi yalimtoka. Akamshika msichana kifundo cha mkono.

"Nenda ukaliwashe. Robo saa tu. Ila kwanza tazama kiti… Kikiwa mbele, ninavyokaa mimi, ingia. Kikiwa kimesogezwa nyuma, usikae."

"Nani akisogeze, mama mkubwa? Panya?"

Hapo ndipo alipomwelewa mjomba. Kwa nini hakumtuma dada yake mwoga, kwa nini hakumtuma fundi. Mwoga angetii. Sharti lile lilitungwa kwa ajili ya mwenye dharau.

Msichana alichukua funguo chini ya mto, akazirusha hewani, akazidaka. Hatua zake ndefu zilielekea mlangoni. Bado Wembe angeweza kumwita. Kiti kilikuwa nyuma, alikikalia mwenyewe, alijua. Neno moja tu lilitosha: rudi. Akajiinua kwenye kiwiko, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Choki," alisema, "ivute nusu tu."