Kifua cha Shemeji Arnfinn

Asubuhi ile ya Mei tulikuwa tukitandika mwani mkavu kwenye vijumba vya mawe, kama kila mwaka, ili bata wa baharini wakija kutaga wakute malazi. Visiwani kwetu, huku kaskazini kwenye baridi, bata ndio wageni wa heshima. Wakishatulia, mbwa hufungwa na watu hunong'ona hadi vifaranga vishuke majini. Hapo ndipo tunachukua manyoya laini ambayo mama bata amejinyonyoa kifuani kufunika mayai. Si kabla.

Sasa shemeji yangu Arnfinn, mume wa dada yangu Jorunn, alikuwa mtu wa mjini. Alishuka kisiwani na viatu vya kung'aa, akaanza kutufundisha kazi ya bibi zetu. Mjuaji yule! Alitaka mwanawe mchanga, Eilif, abatizwe ndani ya blanketi la manyoya mapya, kabla mtu mwingine hajavuna.

"Shemeji, mayai bado," nilimnong'oneza.

"Kwani mnawaogopa bata?" Akacheka kwa sauti, mpumbavu. "Atajinyonyoa mengine."

Akayachukua. Kweli, bata akajinyonyoa tena. Arnfinn akachukua tena. Mara ya tatu kifua cha yule ndege kilibaki kitupu, chekundu, naye akalalia mayai vivyo hivyo, akimtazama Arnfinn. Kesho yake mayai yalikuwa ya baridi na bata hayupo.

Blanketi likashonwa, Eilif akafunikwa nalo. Jumapili mchana, jua limejaa dirishani, Jorunn akaniita kwa sauti iliyokauka.

"Mguse mtoto."

Nikamgusa. Alikuwa baridi kama samaki wa kwenye ndoo. Midomo ya bluu. Tuliliondoa lile blanketi, tukakoka jiko, Jorunn akamweka kifuani mwake. Wapi! Pumzi zikawa zinahesabika.

Mama, aliyelea bata miaka arobaini, alimgeukia Arnfinn.

"Ulichukua mara ngapi?"

"Tatu."

Mama akamtazama kifuani.

Mkono wa Arnfinn ukapanda. Ukafungua vifungo vya shati. Ukashika nywele nyekundu za kifuani, ukang'oa. Ukaziweka juu ya mtoto.

"Si mimi," alinong'ona. "Shemeji, nishike mkono."

Eilif akavuta pumzi.

Ukang'oa tena. Mashavu ya mtoto yakapata rangi. Ningeweza kumshika, nisidanganye. Nilimtazama mtoto, nikamtazama yule bwana mjuaji, nikaikunja mikono yangu. Mara ya tatu damu ilitoka, na mtoto akalia kwa nguvu, mwenye joto. Sote tukamwinamia.

Tulipoinua vichwa, Arnfinn hayupo.

Viatu vyake vya kung'aa tulivikuta vimepangwa nje ya kijumba cha bata. Mlango wake hata paka anaingia kwa kujibana. Ndani mlikuwa na mayai yale yale yaliyokufa. Niliyagusa. Yalikuwa ya moto.

Eilif sasa ni babu. Kila Mei, akiamka, kitandani pake pana duara la nywele nyekundu, limemzunguka. Jorunn alikuwa akizikusanya huku akilia, mpaka alipofariki. Mimi huzifagia tu. Kumlilia nani, yule?

Ila mwaka huu niliinama kuzifagia, nikaacha ufagio. Zilikuwa bado na joto. Nazo zimeota mvi.