Koki ya Fundi

Saa sita mchana duka la dawa lilikuwa limefurika, na katika foleni yote mtu mmoja tu alikuwa amevaa koti. Lilikuwa koti zito, jeusi, limefungwa vifungo mpaka shingoni, katika jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mwenye koti alikuwa fundi bomba. Ndani ya koti, ubavuni kulia, palikuwa na mpira mwembamba uliotoka kwenye ini lake na kuishia kwenye mfuko wa usaha. Alifika dirishani akanong'ona.

"Sema kwa sauti, kaka," muuzaji akamwambia. "Bomba za sindano kumi? Na maji ya chumvi ya kusafishia mpira?"

"Ni za shangazi," fundi akajibu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Shangazi yupi?"

Sauti ile angeitambua hata usingizini. Nyuma yake alisimama karani wa duka la fotokopi, gauni la kijani, penseli imechomekwa kwenye nywele. Huyu ndiye mpenzi wake wa mwaka na nusu, na juzi tu fundi alimdanganya kwa simu kwamba yuko safarini anafunga mabomba ya hoteli mpya.

"Hoteli imeisha mapema," karani akasema. "Hongera."

"Mpenzi, nilitaka..."

"Shangazi zako nawajua, Fundi. Ni wawili, na wote wazima wa afya. Huyu wa tatu umempata lini?"

Angefungua vifungo viwili tu, mambo yangekwisha. Alishindwa. Mfuko ulikuwa na harufu, yeye mwenyewe aliisikia, na mwanamke huyu ndiye aliyezoea kumtania kwamba ananukia sabuni kuliko mafundi wote wa mji. Alichukua vitu vyake akaondoka ameinamisha kichwa, aibu imemjaa mpaka miguuni.

Jioni simu ikalia.

"Nakuuliza mara moja tu," karani akasema. "Kuna mwanamke?"

"Hakuna. Naapa."

"Basi kuna nini?"

Fundi akatazama mfuko, akaufunika kwa shuka.

"Sawa," karani akasema taratibu. "Mimi sipigi tena."

Asubuhi fundi akapiga mwenyewe, meno yakigongana kwa homa. "Karani wangu, njoo. Ila usivae lile gauni zuri."

Alikuja nalo hilo hilo. Akamkuta amejikunja kitandani, na fundi akainua shati huku uso ameugeuzia ukutani, kama mtoto aliyeharibu kitu cha watu.

"Ini lilifanya jipu," akasema. "Wakaniwekea mpira. Mara mbili kwa siku nasukuma maji ya chumvi yaingie ndani, usizibe. Nasukuma vizuri kabisa, lakini siku ya tatu leo hakitoki kitu."

Karani alimeza mate, ila pua hakuishika. "Karatasi ya maelekezo iko wapi?"

"Sikuisoma."

"Kwa nini?"

"Muuguzi alianza kunieleza habari za koki. Nikamwambia nimefunga koki miaka kumi na mbili, asinifundishe kazi."

Karatasi ilikuwa chini ya godoro, bado imekunjwa mara nne. Karani, ambaye husoma hata anachotoa kopi, alisoma kwa sauti: "Mkono wa koki huelekea upande uliofungwa."

Fundi akainuka nusu, akaitazama koki ile ndogo ya plastiki kwenye mpira, yenye njia moja ya mwilini, moja ya mfukoni na moja ya sindano. Katika mabomba yake, mkono ukilala sambamba na bomba, maji yanapita. Basi kila siku alikuwa akiuelekeza mwilini mwake, akiamini amefungua, kumbe amefunga, na maji yote yakikimbilia kwenye mfuko. Ndani halikuingia hata tone.

"Nimejiziba mwenyewe," akasema, na machozi yakamtoka. "Mimi, fundi."

"Hasira zangu bado ziko palepale," karani akasema, akimfuta kwa kitambaa chake. "Usidhani kulia kumezimaliza." Akapiga namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Muuguzi akajibu kwa kifupi: kama ana homa, msisukume chochote, njooni sasa hivi.

Hospitali wakauzibua mpira, wakamchoma sindano. Mchana alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini katikati ya watu, koti limefungwa mpaka shingoni, muuguzi yuleyule wa habari za koki amesimama mbele yake na fomu.

"Fundi, kuanzia leo husafishi peke yako. Nani atakusaidia nyumbani nimfundishe?"

"Mimi," karani akasema.

"Wewe ni nani wake?"

Benchi zima likageuka. Karani akamtazama fundi. "Muulize yeye. Mimi mpaka jana nilikuwa mtu wa kudanganywa."

Fundi akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, vyote, akalivua koti. Mfuko ukakaa wazi mapajani mwake, na harufu yake, na watu wakiona. Alitamani ardhi impasukie. Ardhi ikatulia.

"Andika mchumba," akasema. "Kama atakubali. Nilikuwa sijamuuliza."

"Mimi nina wagonjwa wengine," muuguzi akasema.

Karani akaichukua fomu, akaisoma kuanzia juu hadi chini, neno kwa neno. Kisha akachomoa penseli kichwani, akaandika "mchumba" kwa mwandiko wake wa dukani, akaenda kunawa mikono.

"Haya, dada," akamwambia muuguzi, "nionyeshe hiyo koki." Akamgeukia fundi. "Na wewe, safari hii sikiliza."